Hilux Haifi? Majibu kwa Mtetezi wa Dabo Kebini

Wazee wa baraza, hoja mmeshazisikia. Mmezisikia mnadani, mmezisikia Kibaigwa kwenye foleni ya kushusha mahindi, na mavuno yakijaliwa mtazisikia tena. Mtetezi wake simtaji jina kwa kuwa si mmoja: ni dalali, ni shemeji, ni dereva mstaafu, na wote wana kauli moja. Mkulima wa Mlali, wilayani Kongwa, mwenye fedha ya pikapu moja wanamwambia hivi: chukua Hilux kwa sababu haifi, chukua iliyotoka Japani, iwe fowili, la sivyo kifuku kikiingia hufiki nyumbani, iwe dabo kebini, ibebe familia na mzigo, injini iwe ya zamani, maana hizi mpya zinauawa na dizeli yetu, na bei isikutishe, siku ya kuuza fedha yako inarudi yote.

Nimezisikiliza kwa makini, na naomba mtetezi apewe haki yake: hakuna hata moja iliyo uongo mtupu. Ndiyo maana zinauzika. Ubaya wake ni kwamba haziwezi kukaa nyumba moja. Ukiikubali ya kwanza umeivunja ya tano, na ukiikubali ya pili umelikana gari lenyewe. Nyinyi mpime.

Tuanze na iliyo kubwa kuliko zote. Hilux haifi. Ushahidi wake unafahamika. Gari hili liko sokoni tangu mwaka 1968. Limebeba askari, mapadri, mabwana shamba na wapiga kura. Mwaka 2003 kipindi cha magari cha BBC kiitwacho Top Gear kilichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, kikaiacha baharini maji yakaifunika, kikaichoma moto, kisha kikaipandisha juu ya jengo la ghorofa lililobomolewa kwa baruti gari likiwa huko huko juu. Ikatolewa kwenye kifusi, fundi akaihangaikia bila spea mpya, ikawaka. Sibishi hata neno moja. Ninachouliza ni kitu gani kimethibitishwa hapo. Kimethibitishwa kwamba Hilux moja ya mwaka 1988, yenye pampu ya dizeli isiyo na habari na kompyuta, iliwaka baada ya mateso. Mtetezi hakuuzii gari hilo. Anakuuzia Vigo, kizazi kilichoanza mwaka 2004, au Revo, kilichoanza mwaka 2015: chesisi nyingine, injini nyingine, kontroli boksi na nozeli za umeme ndani yake. Kilichobaki ni jina, na mjukuu harithi mifupa ya babu kwa kuitwa jina lake.

Tena, kama ushahidi wa kutoka nje unakubalika barazani, basi ukubalike wote. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba magari 264,170 ya Toyota ya dizeli, Hilux zikiwamo, yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, hayakuwa na ubora unaokubalika kwa sababu ya kasoro kwenye mfumo wa kichujio cha masizi. Gari lisilokufa limepelekwa mahakamani na wenyewe walionunua, wakashinda. Mwaka 2016 jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilipoijaribu Hilux mpya kwa kukwepa kizuizi cha ghafla, iliinua matairi ya upande mmoja ikakaribia kulala. Msomaji wa Kongwa anayejua mbuzi wanavyokatiza barabara kuu ya Dodoma na Morogoro hahitaji kuelezwa kwa nini jaribio hilo linamhusu. Sisemi Hilux ni gari baya. Nasema ni gari, lina kasoro za magari, na anayekuambia halina hajakuambia chochote cha kukusaidia kuchagua.

Kisha mtetezi anaongeza, bila kuona anachokifanya, kwamba uzuri wa Hilux ni spea zake kupatikana kila mahali. Hapa tuelewane. Mwenye duka anapanga rafuni kinachonunuliwa. Spea za Hilux zikiwa zimejaa madukani, maana yake kuna watu wengi wanaozinunua, na hawazinunui kwa ajili ya mapambo. Kwa hiyo achague: ama gari haliharibiki, ama linaharibika na kutengenezeka kwa urahisi. La pili ni sifa ya kweli, na ningelisema waziwazi kama ningekuwa upande wake. Lakini ni sifa ya soko la spea, haiko ndani ya injini, nayo ina sumu yake. Jina linalouzika sana ndilo linaloghushiwa sana. Sanduku lenye chapa ya Toyota si ushahidi kwamba kilichomo kimetoka Toyota. Na dai kwamba spea za Isuzu D-Max "ziko Kenya tu" ni la mtu ambaye hajaulizia. Ni kweli D-Max zinaunganishwa Nairobi, kwenye kiwanda cha Isuzu East Africa, lakini filta, klachi na bearing zake mtu wa Gerezani, Dar es Salaam, anakufungia kwenye basi. Swali la maana ni dogo zaidi: kwa gari hili, kifaa kikivunjika leo, nitakaa siku ngapi bila gari? Liulize kwa kila jina, Hilux ikiwamo, na umuulize fundi. Usimuulize muuzaji.

Hoja ya Japani ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu inapimika kwa tarehe. Inasemwa hivi: usinunue iliyotumika hapa, agiza ya Japani, imekaa na mzee mmoja, imetembea kwenye lami, kilomita chache. Kwa gari dogo la abiria maneno hayo yana msingi. Kwa Hilux, tazameni kalenda. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004. Haikuirudisha hadi Septemba 2017. Katikati hapo ni miaka 13, na miaka hiyo ndiyo ya Vigo karibu yote, lile gari hasa ambalo mtetezi analisifia. Vigo zilitengenezwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina kwa ajili ya watu wa kwingine. Sasa dalali anapokuambia kwamba Vigo ya mwaka 2010 imekaa na mzee wa Osaka, mwulize kwa adabu mzee huyo aliipatia wapi.

Jibu lake litakuwa kwamba karatasi zinaonyesha kampuni ya Japani. Inawezekana kabisa. Kampuni yenye ofisi Japani inaweza kukuuzia gari lililotembea Thailand, Afrika Kusini au Uingereza. Biashara hiyo ni halali na haina siri. Ila simulizi la mzee na lami limekufa hapo hapo, na pamoja nalo imekufa sababu ya kulipa zaidi. Gari la Uingereza lina jambo lake la kuangaliwa: kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chesisi kimyakimya chini ya rangi nyeusi iliyopigwa wiki iliyopita. Gari la Afrika Kusini au Thailand huenda lilikuwa likibeba mzigo kama utakaoupakia wewe. Namba ya chesisi itakusaidia kuliko hadithi: kwa Hilux, ikianza na MR0 imetengenezwa Thailand, ikianza na AHT imetengenezwa Afrika Kusini. Ni herufi tatu, hazihitaji mtaalamu, na sijui dalali hata mmoja anayezitaja kabla hajaulizwa.

Sasa fowili. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo hoja inayogusa ardhi yetu na ndiyo inayowatoza watu fedha nyingi bila kazi. Mtetezi anasema: ukiiacha lami pale Pandambili ukaingia kuelekea Mlali, bila fowili unajidanganya, mfinyanzi ukilowa unanata, makorongo yanashuka, gari la kuvuta matairi mawili linalala njiani. Nani atakayekana kwamba mfinyanzi unanata? Lakini hoja haikuuliza mwezi. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 500 hadi 600. Mahindi na alizeti huvunwa mvua ikiwa imekwisha, kuanzia Mei na kuendelea. Maana yake, miezi ambayo pikapu ya mkulima inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, yaani kutoa mzigo shambani na kuupeleka Kibaigwa, ni miezi ya vumbi. Adui wa miezi hiyo ni mashimo, mchanga na filta ya hewa iliyoziba. Kwa mashimo fowili haisaidii. Kwa filta haisaidii. Kwa mchanga inasaidia kiasi, ingawa matairi mazuri, upepo uliopunguzwa kidogo na tumbo la gari lililo juu vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Inabaki miezi ya mvua. Hapo mtetezi anayo haki, ila haki yake ni ndogo kuliko anavyoidai. Fowili huyapa magurudumu manne kazi ya kusukuma, inaongeza mshiko. Haipunguzi kina cha maji. Korongo lililoshuka, lenye maji ya kiunoni na magogo, halimuulizi dereva kama amevuta ile gia fupi. Hapo gari la fowili na gari lisilo la fowili yanafanya kitu kimoja: yanasubiri ng'ambo. Tofauti ni kwamba mwenye fowili ana kishawishi cha kutosubiri, na kishawishi hicho ndicho kinachotoa magari yaliyopinduka mtoni asubuhi.

Kwa anayedhani nguvu ya mashine inamaliza ubishi wa ardhi ya wilaya hii, Kongwa ina kumbukumbu yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga hapa, kwanza chini ya United Africa Company, halafu mwaka 1948 chini ya Overseas Food Corporation. Walilenga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Walileta matrekta yaliyobaki vitani. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kusafishia pori. Kama ni mshiko wa magurudumu, mnyororo wa kifaru unaushinda wa Hilux yoyote. Pori lilikuwa na mizizi iliyovunja majembe, udongo mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oka, na mvua ikaja ilivyotaka yenyewe. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara iliyotangazwa ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Waliuliza mashine ina nguvu kiasi gani kabla ya kuuliza mvua inanyesha lini na udongo unafanya nini ikikatika. Mtetezi wa fowili, miaka zaidi ya 70 baadaye, anauliza kwa mpangilio ule ule, katika wilaya ile ile.

Na fowili si zawadi. Inakuja na difu ya mbele, transfa, ekseli zake na mipira ya kufunika viungo vyake, na kila kimoja kinataka oili, kinapasuka na kinalipiwa. Kwenye magari yaliyotumika kuna kichekesho zaidi: wengi wananunua fowili isiyofanya kazi, kwa sababu hawakuivuta siku ya kulijaribu gari na hawataivuta hadi siku wamekwama. Naikubali kwa nani? Kwa mtu ambaye shughuli yake haiwezi kungoja: anayepeleka wagonjwa, anayepanda milimani upande wa Gairo au Mpwapwa mwezi wa pili kila wiki, mwenye mtambo unaosubiriwa. Kwa mkulima ambaye kazi ya gari lake inaanza Mei, kuna pikapu za kuvuta matairi ya nyuma zilizoinuliwa kimo sawa na fowili, Hilux zikiwamo. Mtetezi hajawahi kuzitaja. Labda kwa sababu hazina maandishi ya 4x4 ubavuni.

Tuje kwenye dabo kebini, ambayo naiona kuwa kiini cha ugonjwa wote. Hoja: gari moja, kazi mbili, mbele familia inakwenda kanisani, nyuma mzigo unakwenda sokoni, ukinunua singo kebini utahitaji gari la pili. Inapendeza kuisikiliza. Tupime kwa futi. Bodi la nyuma la singo kebini ya ukubwa huu lina urefu wa kiasi cha mita 2.3. La dabo kebini ni kiasi cha mita 1.5. Umetoa sentimeta 80 za mzigo ukanunua kiti. Uzito unaoruhusiwa kwa zote mbili ni karibu tani moja, na hapa ndipo watu hawasomi vizuri: tani hiyo inahesabu watu pia. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350. Kilichobaki ni kilo 650, yaani gunia sita na nusu za kilo 100. Hayo ndiyo magari mawili kwa bei ya moja: familia ikipanda, mzigo umeshuka, mzigo ukipanda, familia itapanda bodaboda.

Mtetezi anacheka, kwa sababu yeye amekwisha kuona dabo kebini imebeba gunia 20. Nami nimeona. Sote tumeona, na tumeiona pia ikiwa gereji, chesisi imechomelewa nyuma ya kebini. Sababu si bahati mbaya. Kwenye dabo kebini, kebini ndefu imelisukuma bodi nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inakaa juu ya ekseli ya nyuma na kuipita. Mzigo ulioipita ekseli unabana nyuma na kuinua mbele. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika nyota, na chesisi inapindwa pale pale ilipo dhaifu. Ukiongeza springi, springi haivunjiki tena. Chesisi ndiyo inayopokea. Alizeti inadanganya zaidi kwa kuwa gunia lake ni jepesi kuliko la mahindi lakini linakula nafasi ile ile, kwa hiyo kwenye bodi fupi unapanga kwenda juu, na gari linaanza kuyumba kwenye kona.

Na gunia lenyewe ni gunia gani? Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa kuwa inamwibia mkulima sokoni. Hakuna anayewaza kwamba lumbesa inaiua pikapu pia: gunia "kumi" za lumbesa zinapita tani moja kabla dereva hajapanda. Mzani wa barabarani hautamwokoa mtu, kwa sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inalenga magari ya kuanzia tani 3.5, na pikapu iko chini ya hapo. Hakuna anayempima mwenye pikapu isipokuwa chesisi yake. Mwenye gunia 100 za kutoa shamba anahitaji safari zaidi ya 10 za pikapu iliyopakiwa kihalali, au Fuso moja ya kukodi. Mtetezi angekuwa na nia njema angempigia hesabu hiyo kabla ya kumwonyesha viti vya ngozi.

Hoja ya injini inajivunja yenyewe, kwa hiyo haitachukua muda. Anasema: chukua injini ya zamani isiyo na umeme mwingi, hizi za kisasa zina nozeli nyembamba, dizeli yetu chafu inaziua. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki zamani. Wachakachuaji walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu ya tofauti ya kodi. Mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iondoke. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya zimekubaliana na dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kinachoua nozeli Mlali leo hakitoki kwenye meli. Kinatoka kwenye dumu: dizeli ya chupa na madumu inayouzwa mbali na kituo, yenye maji na vumbi, na filta iliyopitiliza muda kwa sababu gari "haifi." Dawa ni kujaza kituoni, kumwaga maji kwenye filta na kuibadilisha kwa wakati.

Lakini tuseme hofu yake ni sahihi kabisa. Basi Vigo inaondoka mezani, kwa sababu 2KD na 1KD zilizomo kwenye Vigo nyingi za dizeli ni injini za shinikizo kubwa na nozeli za umeme, zile zile anazoziogopa. Atakimbilia 5L-E ya lita 3 isiyo na tabo. Injini nzuri, pole pole, inavumilia. Ila hiyo E mwishoni mwa jina lake ni ya umeme. Pampu yake nayo inaongozwa na kontroli boksi. Kwa hiyo mtu anayekataa injini za kisasa anaishia kupendekeza moja ya kisasa na nyingine ya nusu kisasa, huku akiziita zote za zamani. Aseme tu ukweli kwamba anapendekeza Hilux, halafu anatafuta sababu.

Imebaki ya thamani, na hii ndiyo hoja yake yenye nguvu. Hilux ikitangazwa, wanunuzi wanakuja. Majina mengine unaweza kungoja. Sikatai. Swali ni nani anayefaidi. Thamani isiyoshuka inamfaidi aliyenunua gari jipya au aliyelinunua kwa bei ya chini. Wewe unanunua lililotumika, kwa hiyo wewe ndiye unayelipia thamani aliyoitunza mwenzako. Chukua mfano wa kufikirika: Hilux na L200 za mwaka mmoja, hali moja, zikitofautiana shilingi milioni 10. Ukiuza baada ya miaka 5 na tofauti ikabaki milioni 10, hukupata faida. Umelikopesha gari milioni 10 kwa miaka 5 bila riba. Kwa mkulima, milioni 10 ni mbegu, ni mbolea, ni palizi kwa wakati. Ziache shambani zifanye kazi, halafu tulinganishe.

Isitoshe, hoja hii inategemea gari lifike sokoni likiwa zima. Wanunuzi wa Dodoma mjini hawalipi jina peke yake. Wanalala chini ya gari. Dabo kebini iliyobeba gunia 20 kwa misimu mitano, chesisi ikiwa na mshono wa kuchomelea, inauzwa kwa bei ya mshono. Kwa hiyo mtetezi anayesema "ipakie, haifi" na "utaiuza bei ile ile" amezungumzia magari mawili tofauti, na mnunuzi atapata moja tu kati ya hayo.

Mtauliza, basi anunue nini? Kwa mkulima wa Mlali mwenye heka zake na fedha ya gari moja: singo kebini, dizeli, gia za mkono, ya kuvuta nyuma iliyoinuliwa, bodi refu lisilokuwa na kutu. Jina liwe Hilux, D-Max, L200 au Ranger, lolote ambalo fundi anayekuhudumia ameshalifungua na kulifunga zaidi ya mara moja. Mzigo mkubwa wa mavuno ukodie Fuso. Familia, kama ni lazima isafiri pamoja, nauli ya basi ni nafuu kuliko sentimeta 80 za chesisi. Mwenye sababu ya kweli ya fowili aichukue, na aivute mbele ya muuzaji kwenye mchanga kabla ya kulipa.

Hukumu ni yenu. Naomba jambo moja kwa anayekwenda Dodoma au Dar es Salaam na bahasha yake: usilipe siku hiyo hiyo. Nenda na fundi wako, asiwe wa dalali. Alale chini ya gari aangalie chesisi nyuma ya kebini. Asome herufi tatu za mwanzo za namba. Kisha jina lililo kwenye kadi lilinganishwe na la anayeuza, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA. Muuzaji akikataa mojawapo ya hayo, hata gari likiwa Hilux, rudi Mlali na fedha yako.